Kabla ya rangi kuna msasa

Mteja wa kawaida akiokota raba kwenye meza ya mtumba pale Karume, Ilala, hutazama namba, hutazama chapa, kisha huanza kubishania bei. Anayenunua kwa ajili ya kuchora hana haraka na chapa. Anaingiza mkono ndani na kupapasa bitana, anaikunja pua ya kiatu aone mikunjo imekaa vipi, halafu anaiminya soli kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka muuzaji anaanza kununa. Soli ikibonyea na kurudi, mazungumzo ya bei yanaendelea. Ikitoa ufa au unga, kiatu kinarudi mezani hata kama kinauzwa bei ya kutupa.

Muuzaji anayenuna hana haki ya kununa. Soli nyingi za kati, ile sehemu laini iliyo baina ya kiatu na mpira wa chini, hutengenezwa kwa poliyurethani, na adui mkubwa wa poliyurethani ni unyevu. Miaka inavyopita, maji yaliyomo hewani huivunja kidogo kidogo, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa na bado kimo ndani ya boksi lake. Sasa fikiria Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe ina jasho. Raba ya zamani iliyotunzwa kabatini kwa heshima zote inaweza kumwaibisha mwenyewe njiani, soli ikimwagika nyuma yake kama makombo ya keki. Kuchora kiatu cha namna hiyo ni kupamba ukuta wa nyumba inayobomolewa kesho.

Nimeanza na soli kwa sababu watu wengi wanaotamani kuchora raba na nguo zao huanzia mwisho. Wameona picha simuni: raba nyeupe imegeuzwa bahari yenye pweza, koti la jinzi limebeba uso wa bibi kizee mgongoni, kapelo imedariziwa shanga. Wanakwenda kununua rangi. Rangi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayolaumiwa kila kitu kinapoharibika.

Ngozi ya kiatu inayotoka kiwandani si ngozi tupu. Juu yake kuna utando mwembamba, hauonekani, uliowekwa ili maji na uchafu visipenye. Utando huohuo unaokataa matope unakataa na rangi yako. Ukipaka juu yake, siku ya kwanza kiatu kinang'aa na watu wanakisifia. Baada ya siku chache rangi inainuka pembeni na kubanduka yote. Kwa hiyo kazi inaanza na pamba iliyolowa asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Unasugua sehemu utakayochora mpaka mng'ao upotee na kidole kiache kuteleza. Pamba inachafuka, unatupa, unachukua nyingine. Kisha msasa laini kabisa, kwa mkono mwepesi, halafu kitambaa safi cha kufuta vumbi. Asetoni inashika moto upesi na mvuke wake unapiga kichwa, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko la mkaa likae mbali. Isiguse plastiki, maana baadhi ya plastiki huyeyuka. Na kama kiatu ni cha ngozi bandia, kama zilivyo raba nyingi za bei nafuu za Kariakoo, iache kabisa asetoni. Itakula uso wa kiatu. Tumia spiriti na subira.

Baada ya hapo ni tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa kupiga rangi magari. Inabandikwa kuzunguka soli na kufuata mishono, inakatwa kwa wembe mpya, inabanwa kwa ukucha ili rangi isipenyeze chini yake. Ndani ya kiatu yanasokomezwa magazeti ili kisimame kama kimevaliwa.

Ndipo brashi. Tabaka la kwanza likipakwa sawasawa huonekana baya. Michirizi inaonekana, weupe wa chini unachungulia, na mwenye pupa anaongeza rangi nzito palepale ili afiche aibu. Hapo ndipo jozi nyingi huangamia. Rangi inatakiwa iwe nyepesi, karibu na maji, ipakwe, iachwe ikauke, ipakwe tena. Njano juu ya ngozi nyeusi haitaonekana njano hata upake mara ngapi, mpaka kwanza uweke nyeupe chini yake. Wenye kikaushia nywele hukitumia kati ya tabaka na tabaka. Wasio nacho huacha kiatu kivulini na kwenda kufanya mambo mengine, jambo ambalo kwa maoni yangu linaleta kazi nzuri zaidi, kwa sababu mtu akirudi baada ya saa moja huona kosa ambalo alilikodolea macho asilione.

Aina ya rangi nayo ina sheria yake, na hapa tuna mwalimu wa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Mtindo uliobeba jina lake bado unatumia rangi ya aina hiyo: inakauka ngumu, inang'aa, inadumu. Wapo vijana ambao wamejaribu kuhamisha rangi ileile kwenye raba, na matokeo ni nyufa tangu hatua za kwanza. Ubao umetundikwa ukutani, haukunji vidole. Kiatu kinakunjwa kila hatua, palepale, chini ya vidole, kutwa nzima. Kinachohitajika ni akriliki ya ngozi, ambayo ikikauka hubaki inanyumbulika. Jina linalotajwa zaidi na wachoraji wa viatu duniani ni Angelus, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1907 na dawa za viatu. Chupa zake ni ndogo na huagizwa kwa mtandao, na gharama ya kuzifikisha hapa inaweza kukutisha kuliko bei yake.

Wengi, basi, hutumia akriliki ya kawaida ya maduka ya vifaa vya shule. Kwenye turubai inakubali, hasa ikichanganywa na kile kimiminika cha kuifanya ishike kwenye nguo. Kwenye ngozi itakuvumilia mahali fulani na kukusaliti mahali pengine. Ushauri wangu ni mfupi: kama huna rangi ya ngozi, usiguse pua ya kiatu. Chora ubavuni, chora kisiginoni, sehemu ambazo hazikunjiki. Raba yenye kisigino kilichochorwa vizuri ina heshima kuliko raba nzima iliyopasuka. Suedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, iache kabisa kama unaanza. Brashi ya rangi huigeuza gome la mti.

Kwa nini raba nyeupe ndiyo inayopendwa? Si kwa sababu ya weupe peke yake. Nike ilipotoa Air Force 1 mwaka 1982, kazi ya mbunifu Bruce Kilgore, ilikuwa ni kiatu cha mpira wa kikapu. Kiliundwa kwa vipande vipana vya ngozi bapa, visivyo na matundu na mapambo mengi kama raba za kisasa za kukimbilia. Mchoraji anaona pale nafasi. Raba za turubai, kuanzia Converse All Star ya mwaka 1917 hadi zile za kawaida tulizovaa shule, zina ubavu mmoja mpana vilevile. Waliowahi kucheza halaiki wanakumbuka kuzisugua raba kwa chaki asubuhi ili ziwe nyeupe mbele ya mgeni rasmi. Tulikuwa tunachora kiatu bila kujua, kwa rangi moja tu.

Huko Marekani jambo hili limeshaingia uwanjani. Mwaka 2016 ligi ya soka la Kimarekani, NFL, ilianza kuwaruhusu wachezaji kuvaa viatu vilivyochorwa kwa ajili ya misaada wanayoiunga mkono, na mwaka 2018 NBA ikaondoa masharti ya rangi za viatu. Wachoraji wakapata kazi. Lakini mizizi ya habari hii haiko uwanjani, iko mtaani, na kama kuna mtu mmoja ambaye kila kijana anayechora koti leo anamdai shukrani hata kama hamjui, ni Daniel Day wa Harlem, New York, anayejulikana kama Dapper Dan.

Dapper Dan hakuzaliwa fundi cherehani. Mwaka 1974, katika safari iliyotokana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililopangwa Kinshasa, alipita Liberia, na huko fundi wa Kiafrika akamshonea nguo kwa vitambaa vya pale na mitindo aliyoitaka mwenyewe. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo nguo nzuri ilikuwa lazima itoke dukani kama ilivyo, lile lilikuwa somo: unaweza kumwambia fundi unachotaka, naye akakufanyia. Sisi hapa jambo hilo halitushangazi hata kidogo. Nani kati yetu hajawahi kupeleka kitenge kwa fundi na picha iliyochanwa kwenye gazeti? Lakini lilibadilisha Harlem. Mwaka 1982 alifungua duka lake mtaa wa 125, likawa wazi saa 24, na humo akawa anachapa herufi za Louis Vuitton, Gucci na Fendi kwenye ngozi, kisha anazishona makoti, suti za michezo, hata viti vya magari. Kampuni zenyewe zilikuwa hazitengenezi vitu hivyo. Wateja wake walikuwa wababe wa mtaani, wanamuziki wa rapu na wanamasumbwi. Usiku mmoja wa mwaka 1988 Mike Tyson alipigana na bondia Mitch Green nje ya duka hilo, akavunjika mkono, na magazeti yalipoandika habari hiyo jina la duka likafika mahali ambapo lilikuwa halijafika: kwa mawakili wa kampuni zenye zile herufi. Misako na kesi vikafuata. Mwaka 1992 duka likafungwa.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonipendeza. Mwaka 2017 Gucci ilionyesha koti lenye mikono iliyofutuka lililofanana mno na lile ambalo Dapper Dan alimshonea mwanariadha Diane Dixon miaka ya 1980. Watu wakapiga kelele mitandaoni: safari hii nani kamwibia nani? Kampuni ikakubali kwamba chanzo ni yeye, ikaingia naye ubia, na mwaka 2018 akafungua tena karakana Harlem, akipewa vitambaa halali na kampuni ileile ambayo herufi zake alikuwa akizichapa bila ruhusa.

Vijana wengi wakisikia kisa hiki huchukua somo lisilo lake. Wanachora herufi za Louis Vuitton kwenye raba, halafu wanaita ubunifu. Dapper Dan alifanya hivyo wakati ambapo hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Leo kila kituo cha daladala kina begi la namna hiyo. Unanakili nakala, tena kwa mkono, tena kwa siku tatu, wakati mashine ya Guangzhou imeshazitoa kwa maelfu.

Na kuna sheria. Kiatu chako ukikichora na kukivaa mwenyewe hakuna atakayekufuata. Ukianza kuuza bidhaa yenye alama ya mwingine, mambo yanabadilika. Mwaka 2021 kundi la wasanii wa MSCHF la New York lilichukua jozi 666 za Nike Air Max 97, likazibadili kwa kushirikiana na mwanamuziki Lil Nas X, likauza kila jozi dola 1,018. Viatu vilikuwa halisi, vimenunuliwa kihalali. Nike ilikwenda mahakamani hata hivyo, na kesi ikaisha kwa makubaliano ya kuvirudisha viatu kwa wanaotaka kurejeshewa fedha. Kwetu Tanzania, Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia chini ya sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963; Kenya wana mamlaka maalumu iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Sidhani kama kuna ofisa atakayehangaika na jozi moja ya mtu wa Mwananyamala. Lakini hobi ikigeuka biashara, heri ijengwe juu ya mchoro wako.

Michoro yenyewe imejaa tele, na hii ndiyo sababu nakosa uvumilivu na zile herufi. Simama dakika kumi kituoni Nairobi utazame nganya, yaani matatu zilizopambwa, zinavyopita: nyuso, maandishi yaliyopindwa, moto, taa. Mwaka 2004 kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, zilivilazimisha vyombo hivyo vyote kuvaa mstari mmoja wa njano, na bado michoro ikarudi. Milango ya Zanzibar na Lamu ina maua na minyororo iliyochongwa ambayo inakaa vizuri sana kwenye ukanda wa raba unaozunguka kisigino. Makubazi ya pwani yalipambwa kwa mkono kabla raba haijajulikana. Wafugaji wa Kimasai wanavaa katambuga za matairi ya gari zenye shanga, na huo, ukiutazama vizuri, ni ubunifu wa kiatu kutokana na kitu kilichokuwa kingine.

Kwa upande wa nguo, kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kanga kwenye koti la jinzi. Kanga imekuja imeshapangwa: ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina chini. Mwenye jicho haikati ovyo. Mji unakwenda mgongoni, mzima. Pindo linakatwa vipande viwili kwa ajili ya mikono na kimoja kwa ukosi. Jina linakaa begani au chini ya mgongo, linasomeka kwa anayekufuata, ambaye ndiye aliyekusudiwa siku zote. Kwenye kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak kuna alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Anayetaka chapa na aiache hiyo ionekane, amenunua kitambaa halisi na hajaiga mtu.

Kabla ya mkasi, ifue. Kanga mpya ina wanga na ni pamba, itaruka; jinzi ya mtumba imeshafuliwa mara mia na haitaruka tena. Ukizishona bila kufua kanga, mgongo wa koti utajikunja kwenye ufuaji wa kwanza na hakuna pasi itakayounyoosha. Shona kwa mkono kama huna cherehani yenye nguvu: sindano nene, uzi wa kudarizi, subana kidoleni, mishono midogo ya karibu karibu. Kwenye mishono minene ya jinzi, pale vitambaa vinapokutana vinne, usishindane nayo. Pita pembeni.

Wapo wanaopenda kuchubua rangi ya jinzi kwa ile dawa ya madoa tunayoiita jiki. Inapendeza, na ina mitego. Poliesta haichubuki, kwa hiyo mishono ambayo mara nyingi ina poliesta itabaki na rangi yake ya dhahabu juu ya kitambaa kilichopauka. Wengine wanaupenda mwonekano huo, mimi mmojawapo. Jinzi zinazovutika zitalegea, kwa sababu dawa inakula ule uzi wa mpira. Na usichanganye jiki na siki wala dawa za asidi za kusafishia choo ili "kuisimamisha", kama video fulani zinavyofundisha. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Suuza kwa maji mengi, mara nyingi, uwanjani, basi.

Kuna swali la mtumba wenyewe, kwamba tunapamba nguo zilizotupwa na wengine wakati viwanda vyetu vimelala. Ni swali la haki. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea unafuu wa kuuza nguo kule bila ushuru, kwa hiyo tunajua uamuzi wa namna hiyo una bei. Mtu mwenye brashi kwenye baraza hatatui jambo hilo na hapaswi kujidai kwamba analitatua. Anachofanya ni kidogo: anachukua kitu ambacho kimefanana na milioni nyingine, anakitoa kwenye kundi.

Kama unataka kuanza wikendi hii, usianze na jozi yako ya pekee. Tafuta raba ya mtumba ambayo soli yake imefaulu mtihani wa kidole, nunua asetoni, msasa na tepu kabla hujanunua rangi, na uchore kisigino kimoja tu. Vaa wiki mbili, kwenye vumbi na kwenye mvua. Kikibaki, rudia kwenye cha pili, kisha usogee ubavuni. Na siku utakayokaa kuchagua cha kuchora, tafadhali, chochote kile, ilimradi kisiwe herufi za kampuni ya Paris.